BAISKELI NA SIKU YA KAZI: WAENDESHAJI WA RIDHAA HUPATA WAPI WAKATI?

Watu wengi wapandao baiskeli hawajihesabu kuwa wanafanya mchezo. Huenda kazini, sokoni, kanisani au msikitini, kisha hurudi nyumbani, na baiskeli kwao ni chombo kama jembe au cherehani. Lakini miongoni mwa watu hao hao hutokea mmoja apendaye mwendo kwa ajili ya mwendo wenyewe. Akisikia mnyororo wa mwingine ukilia nyuma yake hutaka kujua ni nani, na akiona kilima mbele yake hupima nguvu zake. Mtu huyu akijiunga na chama cha waendesha baiskeli, akaingia mashindanoni bila ya kulipwa mshahara kwa mchezo huo, huitwa mwendeshaji wa ridhaa.

Yafaa ifahamike kwamba ridhaa ni kufanya jambo kwa kupenda, wala si kulifanya nusu nusu. Tofauti kubwa baina ya mtu wa ridhaa na yule alipwaye ni saa. Mwendeshaji alipwaye huamka, akanywa chai, na siku nzima ikawa ya baiskeli; baada ya mazoezi hukandwa miguu, akalala mchana. Mtu wa ridhaa ana mwajiri, ana shamba, ana watoto, ana jirani aliyefiwa ambaye hana budi kwenda kumpa pole. Saa za mchezo wake hazitoki hewani. Kila saa aendayo barabarani imetolewa mahali fulani: ama katika usingizi wake, ama katika kazi yake, ama katika nyumba yake. Katika somo hili tutatazama watu waliotangulia walizitoa wapi saa hizo, kisha tutafanya hesabu ya saa za msomaji wetu mwenyewe.

Mfano tutakaoutumia ni wa Uingereza. Hatusemi kwamba huko ndiko wanakojua zaidi kupanda baiskeli. Wabelgiji, Wafaransa na Waitalia wangetucheka. Twauchukua kwa sababu huko, kwa muda wa zaidi ya miaka 120, mafundi wa viwanda, makarani, waoka mikate na vibarua wa mashamba wamekuwa na namna ya mashindano yanayofuata saa za mfanyakazi, na kila mbio imeandikwa kwa dakika na sekunde.

KWA NINI ALFAJIRI YA JUMAPILI

Jambo hili lilianza kwa farasi aliyeshtuka. Katika mwezi wa Julai 1894 chama cha North Road kilikuwa na mashindano ya maili 50 katika barabara kuu ielekeayo kaskazini ya nchi. Njiani waendeshaji wakakutana na gari la farasi lililoongozwa na bibi mmoja. Farasi akataharuki, na baadhi ya waendeshaji wakaanguka, akiwamo Bwana F. T. Bidlake, mtu mashuhuri katika mchezo huo. Bibi yule akapeleka malalamiko yake kwa polisi. Wakubwa wa mchezo waliona hatari ya Serikali kupiga marufuku baiskeli zote barabarani, wakaamua wenyewe kuyakataza mashindano katika njia za watu wote.

Bwana Bidlake akapata shauri. Badala ya kuwaondosha waendeshaji wote pamoja kama kundi la ng'ombe, aliwaondosha mmoja mmoja, kila mtu na dakika yake, na mshindi akawa yule aliyetumia muda mfupi kuliko wenzake. Mashindano ya kwanza ya namna hiyo yalifanywa tarehe 5 Oktoba 1895. Mtu akiwaona barabarani haoni mbio. Aona mtu mmoja akienda kwa haraka, na baada ya dakika moja mwingine. Ili wasitambulikane, waendeshaji walivaa nguo nyeusi tangu shingoni mpaka miguuni. Njia za mashindano hazikutajwa kwa majina ya miji bali kwa herufi na tarakimu, desturi ambayo haijaachwa hata leo. Na saa ya kuanza ikawa alfajiri ya Jumapili, wakati mji ungali umelala.

Hila hii ya kuwakwepa polisi ikageuka kuwa rafiki wa mfanyakazi. Mtu aliyemaliza kazi Jumamosi mchana alikuwa na wakati wa kupanda baiskeli yake mpaka karibu na mahali pa kuanzia, akalala katika nyumba ya kulipia kitanda na chai, akaamka saa kumi na moja, na kabla jua halijapanda sana mbio zake zilikuwa zimekwisha. Mbio za maili 25, yaani kilometa 40 hivi, humchukua mwendeshaji mwema karibu na saa moja tu. Wakati wa chakula cha mchana aliweza kuwa mezani pamoja na jamaa zake.

Tena yafaa kutaja jinsi walivyochukua vyombo vyao, maana wengi wao hawakuwa na fedha za kununua baiskeli mbili. Baiskeli ilikuwa moja, ya kwendea kazini na ya kushindania. Mwendeshaji alifunga vyuma viwili vidogo kwenye ekseli ya mbele, akaning'iniza magurudumu mepesi ya mashindano, moja kila upande, akaenda nayo hivyo barabarani kama mtu achukuaye kuku wawili sokoni. Alipofika alivua matagadi, taa na mfuko, akabadili magurudumu, akashindana. Kisha akarudisha kila kitu mahali pake, akapanda kurudi nyumbani. Asubuhi ya Jumatatu baiskeli ile ile ilimpeleka kiwandani.

JUMA LA MTU WA KAZI

Tukitazama juma zima la waendeshaji wale, twaona kwamba mazoezi yao mengi hayakuitwa mazoezi. Yalikuwa ni njia ya kwenda kazini na kurudi. Mtu aliyekaa kilometa kumi na tano kutoka kazini alikwenda kilometa 150 katika siku tano za kazi, na hakuna mtu nyumbani aliyesema amepoteza wakati, kwa kuwa ilimpasa kwenda kazini kwa vyovyote. Mwenye kukaa karibu alipita njia ndefu wakati wa kurudi.

Katika miezi ya joto Waingereza wana neema ambayo sisi tulio karibu na Ikweta hatuna: mwezi wa Juni jua huchwa baada ya saa tatu usiku. Kwa hiyo vyama huweka mashindano madogo ya maili 10 jioni za siku za kazi. Mtu hutoka kazini, akala kipande cha mkate, akashindana kwa muda usiotimia nusu saa, akarudi kwake kungali kweupe. Lakini neema hiyo hulipiwa mwezi wa Desemba, ambapo mjini London jua huchwa kabla ya saa kumi jioni, na mfanyakazi huenda gizani na kurudi gizani, huku mvua ya baridi ikimpiga usoni. Zamani wakati huo waliweka baiskeli juu ya mitungi mitatu ya chuma izungukayo, ndani ya banda au jikoni, wakakanyaga pasipo kwenda mahali. Siku hizi wengi wana mashine ishikayo gurudumu la nyuma, nayo huungwa na intaneti, hata mtu wa Leeds aweza kushindana na mtu wa Australia, kila mmoja akitokwa na jasho chumbani mwake.

Watu wa namna hii hawakuwa wazembe. Tarehe 6 Agosti 1956 Bwana Ray Booty aliendesha maili 100, yaani kilometa 161 hivi, kwa saa 3, dakika 58 na sekunde 28. Alikuwa mtu wa kwanza katika mashindano ya Uingereza kuimaliza safari hiyo kwa muda uliopungua saa nne. Msomaji aitazame kalenda ataona kwamba siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Ilikuwa sikukuu ya mapumziko, siku ambayo watu wa kazi waliweza kushindana. Na mwaka 1978 Bwana Alf Engers, ambaye kazi yake ilikuwa kuoka mikate na keki usiku, aliendesha maili 25 kwa dakika 49 na sekunde 24. Huo ni mwendo wa karibu kilometa 49 kwa saa, na kabla yake hakuna aliyeshuka chini ya dakika 50 katika mbio hizo nchini mwake. Hatumtaji ili wasomaji waige kukesha. Twamtaja kwa sababu wako watu wasemao kwamba mwenye kazi ngumu hawezi kufika mbali katika mchezo, na mwoka mikate huyu amewajibu.

BIBI BURTON WA MORLEY

Lakini mfano ulio bora kuliko yote ni wa mwanamke. Bibi Beryl Burton alizaliwa karibu na mji wa Leeds mwaka 1937. Alipokuwa mtoto wa shule aliugua homa ya baridi yabisi, akakaa hospitali kwa miezi mingi, na waganga walimwonya ajiepushe na kazi za kuchosha mwili. Akiwa kijana alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, na huko akakutana na Bwana Charlie Burton, ambaye alikuwa mwendesha baiskeli. Walioana mwaka 1955, wakapata binti, Denise, mwaka uliofuata. Bwana ndiye aliyemfundisha bibi kupanda. Na baada ya muda si mrefu bibi akampita.

Basi Bibi Burton akaajiriwa katika shamba la Bwana Nim Carline huko Morley. Shamba hilo lilikuwa la rubarbi, mmea wenye mabua mekundu machachu yapikwayo kwa sukari, ambao wakulima wa sehemu zile huukuza wakati wa baridi ndani ya mabanda yenye giza. Kazi yake ilikuwa ya kuinama, kuchimba na kubeba, katika tope na baridi kali. Bahati yake ni kwamba mwajiri mwenyewe alikuwa bingwa wa mbio ndefu za baiskeli, wala hakuhitaji kuelezwa maana ya mashindano ya Jumapili.

Katika hali hiyo ya kibarua, mke na mama, alitwaa ubingwa wa dunia mara saba: mara mbili katika mbio za barabarani, mwaka 1960 na 1967, na mara tano katika mbio za kufukuzana uwanjani. Katika Uingereza kuna heshima ipewayo kila mwaka mwendeshaji aliye bora kwa jumla katika mbio za saa. Bibi Burton aliipata kwa wanawake tangu 1959 hata 1983, miaka 25 mfululizo. Kampuni moja ya baiskeli ilitaka kumpa fedha, akakataa ili abaki mtu wa ridhaa. Katika Michezo ya Olimpiki hakushindana hata mara moja, maana mbio za baiskeli za wanawake hazikuingizwa huko mpaka mwaka 1984, naye alikuwa amepita miaka arobaini na mitano.

Habari yake ijulikanayo sana ni ya mwaka 1967, katika mashindano ya saa kumi na mbili, ambapo mshindi ni yule aendaye mbali zaidi kabla muda haujakwisha. Wanaume waliondoshwa kwanza, kisha wanawake. Saa baada ya saa Bibi Burton aliwapita wanaume waliomtangulia, mpaka akabaki mmoja, Bwana Mike McNamara, ambaye siku hiyo yeye naye alikuwa akivunja rekodi ya wanaume. Bibi alipomfikia hakujua la kumwambia mtu aliyetaabika namna ile. Akatia mkono mfukoni, akatoa peremende moja, akampa. Bwana McNamara akaipokea, akamshukuru, na bibi akaenda zake. Mwisho wa siku bibi alikuwa amekwenda maili 277 na robo, yaani kilometa 446, na bwana maili 276 na nusu hivi. Mwanamke alikuwa amekwenda mbali kuliko mwanamume yeyote wa nchi ile katika saa kumi na mbili, na wanaume hawakumpita mpaka mwaka 1969. Rekodi yake kwa wanawake ilidumu miaka 50, hata 2017.

Alifariki mwezi wa Mei 1996, siku chache kabla ya kutimiza miaka 59. Moyo wake ulisimama akiwa juu ya baiskeli, akizunguka kuwapelekea rafiki zake kadi za kuwaalika katika sikukuu ya kuzaliwa kwake.

DENI LA NYUMBANI

Wako wasomaji watakaouliza: Je, ni nani aliyempikia mtoto wakati mama yu barabarani? Swali ni la haki, na jibu ni Bwana Charlie. Yeye alipungua mashindanoni, akawa fundi wa baiskeli ya mkewe, mshika saa, mleta chakula njiani, na mlezi wa binti. Bila yake sifa zile tulizozihesabu zisingalikuwapo. Ni vigumu kumkuta bingwa wa ridhaa asiye na mtu wa namna hii nyuma yake, na mara nyingi jina la mtu huyo haliandikwi popote. Katika nchi nyingi, na yetu ni mojawapo, mtu huyo ni mke; watu huiona kazi yake kuwa ya kawaida, hata hawamshukuru. Kwa hiyo habari ya Morley yafaa isomwe na waume pia.

Hata hivyo nyumba ile haikuwa peponi. Denise alikua akawa mwendeshaji hodari, na mwaka 1972 mama na binti walichaguliwa pamoja kwenda katika mashindano ya dunia. Mwaka 1976, katika mashindano ya barabarani ya ubingwa wa nchi, binti akamshinda mamaye mwishoni kabisa. Na mama, akiwa na uchungu, akakataa kumpa mkono mbele ya watu. Baadaye Bibi Burton alilitaja jambo hilo katika kitabu cha maisha yake bila ya kulificha. Hatulisemi hapa ili kumdharau. Mchezo ukipewa nafasi kubwa mno katika nyumba hukaa mezani pamoja na watu, hula nao, na siku moja huweza kuwagombanisha mama na mwana.

HESABU YA SAA ZA MSOMAJI

Sasa na tuje kwetu. Nchini Kenya jua huchomoza na kuchwa karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Hatuna jioni ndefu za Juni, lakini pia hatuna giza la Desemba. Saa ilivyo mwezi huu ndivyo itakavyokuwa mwezi wa sita. Mtu atokaye kazini saa kumi na moja ana saa moja na nusu ya mwanga, kila siku, bila ya kupungukiwa. Kipingamizi chetu ni mvua za masika na vuli, na barabara zisizo na njia ya pembeni ya baiskeli.

Tuchukue mtu akaaye kilometa 12 kutoka kazini, naye huenda kwa mwendo wa kadiri, kilometa 18 kwa saa. Atatumia dakika 40 kwenda na dakika 40 kurudi. Kwa siku tano jumla yake ni dakika 400, yaani saa sita na dakika 40, na kilometa 120. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lilisema mtu mzima apate kwa juma dakika 150 hadi 300 za kazi ya mwili ya kadiri. Mtu wetu amekwisha kupita kipimo hicho, na bado hajaomba ruhusa kwa mtu yeyote. Akipita njia ndefu jioni moja katikati ya juma, na akitoka asubuhi moja ya mwisho wa juma kwa muda wa saa tatu, atakuwa na saa kumi za baiskeli. Na katika saa hizo kumi, zilizotolewa katika nyumba yake hazizidi nne. Hizi nne ndizo za kuzungumza na watu wa nyumbani, mapema, kabla ya siku yenyewe. Kumwambia mke au mume usiku wa Jumamosi kwamba kesho alfajiri hutakuwapo si kuomba ruhusa, ni kutangaza.

Wengi hukosea katika jambo moja. Wakiisha kupata hesabu hii hutaka kuifanya kila safari kuwa mbio: asubuhi huwakimbiza wenzao mpaka mlangoni pa ofisi, jioni hivyo hivyo. Mwili haujijengi wakati wa kukanyaga. Wakati wa kukanyaga hubomoka kidogo, na hujijenga wakati wa kupumzika na kulala. Katika safari kumi za juma, mbili au tatu zikiwa za nguvu zatosha. Nyingine ziwe za polepole kiasi cha mtu kuweza kuzungumza bila ya kukatika pumzi. Tena kuna jambo la upepo ambalo yafaa lijulikane: ukiongeza mwendo wako mara mbili, uzito wa hewa ikuzuiayo huongezeka mara nne, na nguvu zitakiwazo kuishinda hewa hiyo huongezeka mara nane. Ndiyo sababu mtu ashindanaye na upepo wa mbele jioni, akiwa na njaa, huifikia nyumba yake akiwa hana nguvu za kuzungumza na watoto, naye amepata faida ndogo sana.

Kuhusu chakula hatuna haja ya maneno mengi. Safari isiyozidi saa moja haitaki kitu ila maji. Safari ipitayo saa moja na nusu, kama ni ya nguvu, huimaliza akiba ya wanga iliyo mwilini, na mtu asiyekula njiani huishiwa ghafula, miguu ikawa kama ya kuazima. Ndizi mbili au viazi vitamu vilivyochemshwa, vikifungwa katika karatasi na kutiwa mfukoni, vyatosha.

Usingizi ndio sanduku ambalo kila mtu hudhani aweza kuiba humo bila ya kuonekana. Ikiwa huna budi kuamka saa kumi na moja, ulale mapema. Ikiwa hukuweza kulala mapema kwa sababu ya mtoto mgonjwa au kilio cha jirani, usiende. Mwendeshaji mwenye usingizi ni hatari kwake mwenyewe na kwa wengine, na kazi yake ya Jumatatu huonyesha mahali alipoiba.

Juu ya chombo, machache tu. Breki zote mbili zishike. Mnyororo ufutwe vumbi na kutiwa mafuta kidogo mara moja kwa juma, na baada ya kila mvua. Magurudumu yajazwe sawasawa, maana mpira mlegevu huongeza kazi ya miguu. Mtu asitoke bila ya pampu, gundi na viraka. Mwenye kusafiri kabla ya mapambazuko au baada ya jua kuchwa awe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na kofia ngumu kichwani. Dereva wa lori hajui kwamba wewe ni bingwa.

WALE AMBAO BAISKELI NDIYO KAZI YAO

Imebaki habari ya watu ambao hesabu iliyotangulia haiwahusu sana. Hao ni wachukuzi wa maziwa, wauza mikate, wachukuao makaa na magunia ya viazi, na waendesha bodaboda. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa katika baiskeli: katika miaka ya 1960, mpakani Busia, vijana waliwabeba abiria na mizigo yao baina ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda, wakiita neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Pikipiki zilikuja baadaye zikalirithi jina.

Mara nyingi husikika watu wakisema kwamba kijana abebaye abiria kutwa ni mwanamashindano tayari, hana haja ila nguo za rangi. Jambo hilo lina ukweli nusu. Kijana huyo ana miguu migumu na moyo wenye nguvu, na hujua kukaa juu ya tandiko saa nyingi. Lakini amezoea mwendo mmoja wa polepole wenye mzigo mzito, na hana akiba ya nguvu iliyobaki jioni. Ukimwambia aongeze kilometa 40 baada ya kazi utamuua. Yeye haongezewi saa, hupunguziwa. Yamfaa achague siku moja ya juma ambayo atapumzika kabisa, na siku nyingine atoke asubuhi na mapema kabla ya kazi, bila ya mzigo, akakanyage kwa wepesi na haraka kwa muda wa nusu saa au dakika arobaini, ili miguu ijifunze mwendo mwingine. Fedha atakayoikosa katika siku ile ya mapumziko ndiyo ada yake, naye aihesabu wazi wazi kabla ya kuanza. Kama nyumba haiwezi kuivumilia, aahirishe mpaka iweze.

Mwenye nia ya kuanza asinunue kitu. Kwa majuma manne aende kazini na kurudi kwa baiskeli aliyo nayo, akiandika katika daftari siku, kilometa na saa ya kufika. Juma la tano aongeze njia ndefu ya jioni moja. Juma la sita atafute chama kilicho karibu, aulize siku na saa wanayokutana, na aende nao mara ya kwanza akiwa nyuma ya kundi, mahali ambapo upepo ni mchache, awatazame wenye ujuzi jinsi wanyooshavyo mkono kuonyesha shimo na jinsi wapishanavyo mbele. Daftari lile alionyeshe nyumbani pia.